Thredi zikijaa kwenye Tomcat

Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java) ikiishiwa thredi za kuhudumia maombi, usikimbilie kuongeza maxThreads, yaani idadi ya juu ya thredi hizo. Kiwango cha kawaida ni 200, nacho hutosha mara nyingi. Anza na jstack, zana ya Java inayoonyesha kila thredi iko wapi kwenye msimbo; iendeshe kwa namba ya mchakato wa Tomcat, mara tatu, ukiacha sekunde 10 kati, kisha tazama thredi za http-nio-8080-exec, ndizo zinazohudumia maombi. Zikiganda pale pale kwenye getConnection, shida iko kwenye miunganisho ya hifadhidata: HikariCP, maktaba inayoigawa, kwa kawaida hutoa miunganisho 10 tu, na anayekosa husubiri sekunde 30 ndipo apate hitilafu. Ukiongeza thredi hapo, unarefusha foleni tu! Tafuta msimbo usiofunga muunganisho. Mpangilio wa HikariCP uitwao leakDetectionThreshold, ukiwekwa 20000 (milisekunde), utauanika kwenye logi.

Zikiwa zimekwama zikisubiri kusoma jibu kutoka kwenye mtandao (socketRead0 kwenye Java za kabla ya 13), weka ukomo wa muda wa kusoma kwa huduma ya nje unayoiita. connectionTimeout ya Tomcat haitakusaidia. Hiyo humsubiri mteja atume ombi.