Kiwanja cha kukimbilia cha mita 400 Iten: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 9

Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, iko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio. Uwanja wa Kamariny ulipofungwa ili ujengwe upya, makundi mengi ya mazoezi yalianza kuteremka hadi Tambach kutafuta raundi za kupima kasi. Mradi huu hauji kushindana na viwanja hivyo. Ni leni nne kwenye uwanja wa nyasi nje kidogo ya mji: mbili za ndani za murramu (udongo wenye changarawe wa kujengea barabara), mbili za nje zinabaki nyasi za kupasha misuli na kupumzikia kati ya raundi. Hakuna ukingo wa saruji. Mstari ni wa chokaa. Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha hesabu zote.

Wiki ya 1: hesabu kabla ya jembe

Vipimo vinavyonakiliwa kila mahali ni nusu kipenyo cha m 36.50 kwenye kona na pande zilizonyooka za m 84.39. Ni sahihi, ila kwa kiwanja chenye ukingo ulioinuka. Kanuni za riadha hupima leni ya kwanza sm 30 kutoka kwenye ukingo. Pasipo na ukingo, ni sm 20 kutoka kwenye mstari, kwa sababu mguu husogea karibu zaidi pasipo na cha kujikwaa. Ukichora kwa chokaa huku ukitumia 84.39, raundi yako ni m 399.37. Imepungua sm 63.

Ni kidogo? Katika mita 800 zimepotea m 1.26, ambazo kwa kasi ya David Rudisha kule London mwaka 2012 (1:40.91) ni sekunde 0.16. Rudisha huyo huyo, aliyenolewa hapa Iten na Bruda Colm O'Connell, siku ile aliivunja rekodi yake ya dunia ya 1:41.01 kwa sekunde 0.10. Kocha anayesoma saa kwenye kiwanja kifupi anasoma maendeleo ambayo hayapo.

Kwa hiyo nusu kipenyo kimebaki 36.50, na pande zilizonyooka zimekuwa m 84.70. Kona moja ikipimwa sm 20 nje ya mstari ni m 115.30, jumlisha 84.70, unapata 200 kamili. Kwa leni nne za m 1.22, eneo linalohitajika ni m 167.46 kwa 82.76. Tulitenga 170 kwa 85.

Wiki ya 2: vitovu viwili

Vitovu vya kona mbili ni vipande vya nondo vilivyosimikwa kwenye zege, umbali wa m 84.70, vichwa vyake vikiwa chini kidogo ya usawa wa nyasi. Usitumie vigingi vya mti. Kila chokaa ikifutika utarudi kwenye vitovu hivi, na kigingi kilichooza kinamaanisha kupima upya kuanzia sifuri.

Pembe mraba zilitafutwa kwa tatu-nne-tano ya mafundi (pembetatu ya pande 3, 4 na 5), kisha zikahakikiwa kwa ulalo, yaani mstari wa pembe hadi pembe ya mkabala. Mstatili wa 84.70 kwa 73.00 una ulalo wa m 111.82, na ni lazima milalo yote miwili ilingane. Mara ya kwanza ilitofautiana kwa sm 14. Kosa lilikuwa kwenye tepu ya mita 50 iliyovutwa mara tatu juu ya nyasi ndefu: nyasi huinua tepu, nayo inasoma zaidi. Nyasi zikafyekwa, tukaazima tepu ya chuma ya mita 100, tofauti ikashuka hadi sm 1.

Kuna wanaohofia baridi ya asubuhi kufupisha tepu ya chuma. Nyuzi 10 za tofauti ya joto ni kama milimita 6 kwa mita 50. Tepu iliyolegea mkononi huleta kosa kubwa kuliko hilo.

Wiki ya 3: kona, na kamba iliyotudanganya

Kona ya kwanza ilichorwa kwa kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye nondo. Tulipoipima upya kwa tepu ya chuma, vigingi vya mwanzo vilikuwa kwenye 36.50, vya mwisho kwenye 36.70 na ushei. Kamba ilikuwa imelowa umande, na kila aliyeishika aliivuta kwa nguvu zake. Nailoni ikinyooka asilimia moja tu, nusu kipenyo kinaongezeka sm 36.5 na raundi nzima m 2.29. Vigingi vyote viling'olewa.

Mara ya pili ilikuwa tepu ya chuma moja kwa moja, mtu mmoja kitovuni asiyebadilishwa, na kigingi kila nyuzi 10 za pembe. Hivyo ni vigingi 19 kwa kona, na kati ya kigingi na kigingi m 6.36 kwa mstari ulionyooka. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachokamata kosa: kigingi kinaweza kuwa sahihi kutoka kitovuni na bado kikawa kimesogea pembeni. Gurudumu la kupimia tuliliacha. Kwenye ardhi yenye vibonde huyumba na kurukaruka, likasoma zaidi, nawe ukaishia na raundi fupi. Saa ya satelaiti (GPS) ndiyo haifai kabisa.

Wiki ya 4 hadi ya 6: murramu

Leni mbili ni upana wa m 2.44, eneo la karibu m² 992. Kwa unene wa sm 10 baada ya kushindiliwa unahitaji karibu m³ 100, na kwa kuwa murramu hushuka, agiza m³ 125. Lori la m³ 10 litakuja mara kumi na tatu.

Uchaguzi wa murramu ni muhimu kuliko wingi wake. Ikiwa na udongo mfinyanzi mwingi, mvua moja inaifanya utelezi. Ikiwa na kokoto nyingi, haishikani na vifundo vya miguu vinateguka. Jaribio la bila gharama: lowesha kidogo, finyanga tonge, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipande vitatu au vinne, chukua. Likibonyea bila kupasuka, mfinyanzi umezidi. Likisambaratika, mfinyanzi haupo. Lori la pili lilikuwa na mawe ya ukubwa wa yai, likapitishwa lote kwenye chekeche la mm 10. Siku mbili.

Rola ni pipa la lita 200 lililojazwa zege, karibu kilo 480. Uzito huo haushindilii hadi chini kabisa ya tabaka la sm 10, ndiyo sababu murramu inawekwa tabaka mbili za sm 5. Maji ndiyo mtego: murramu kavu inabaki vumbi hata ukiipitia mara ishirini, na iliyolowa mno inang'ang'ania pipa. Tonge likishika bila kuacha maji kiganjani, anza kuvuta.

Mwinamo kuelekea ndani ni asilimia 1, yaani sm 2.4 tu kwa leni mbili. Usawa ulipimwa kwa mpira wa maji. Ukiona namba zisizoeleweka, tafuta kiputo cha hewa ndani ya mpira kabla ya kuchimba chochote.

Wiki ya 7 na ya 8: alama

Mstari wa kumalizia uko pale upande ulionyooka unapoishia, na alama ya 200 iko mwisho wa upande wa pili. Alama ya 100 iko ndani ya kona: kutoka mwisho wa kona, vuta tepu m 15.10 kurudi nyuma hadi iguse mstari. Ya 300 vivyo hivyo kwenye kona nyingine. Kila alama ina msumari wa inchi sita wenye kizibo cha soda, umepigiliwa kwenye nyasi za upande wa ndani, sm 10 kutoka kwenye mstari, nje ya njia ya miguu.

Wiki ya 9: hali ilivyo

Leni ya kwanza imeanza kuchimbika kwenye kona, sm 20 hadi 40 kutoka kwenye mstari, palepale hesabu ilipotabiri mguu utapita. Maji ya mwinamo yanaishia humo. Mtaro mfupi wa kina cha sm 15 umechimbwa upande wa ndani, sm 50 kutoka kwenye mstari, na kona inajazwa murramu kila Alhamisi asubuhi, wakati kundi kubwa la fatleki (mbio za kubadilisha kasi) liko barabarani na kiwanja ni kitupu. Kwato za ng'ombe baada ya mvua zinaharibu kuliko spaiki (viatu vya misumari), na bodaboda wamegundua njia ya mkato. Imebaki seng'enge upande wa barabara kabla ya mvua za Machi, na chokaa ya kurudia yote itakapofutika.