Nilivyoufuata ukoo wa Esposito mpaka ulipoanzia

Kwetu Malindi, mzee akikutana na mtoto asiyemjua humuuliza kwanza, "Wewe wa nani?" Watoto wangu ni akina Esposito, kwa kuwa baba yao ni mtu wa Napoli, Italia, na yeye mwenyewe hakujua wazee wake kupita babu. Kazi ya kuwatafuta nikaifanya mimi.

Kulitafuta jina lenyewe ni kazi bure. Esposito ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi mkoa wa Campania, ambamo Napoli imo, na Italia nzima limo katika yale matano ya kwanza. Daftari la mtaa mmoja tu wa Napoli lina akina Gennaro Esposito kurasa kwa kurasa, wala si ndugu.

Walioniokoa ni wake zao. Mwanamke wa Kiitaliano huandikwa kwa jina la kwao hata akiolewa, kwa hiyo bibi mwenye jina adimu ndiye aliyenionyesha Esposito yupi ni wetu. Vyeti vya karibuni mume wangu aliviomba manispaa. Vya zamani nilivisoma bure kwenye tovuti ya Antenati, ya hifadhi za nyaraka za taifa. Napoli serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1809, chini ya Wafaransa. Mwandiko ni wa mkono na tarehe zimeandikwa kwa maneno. Macho yanaumia mwanzoni, kisha yanazoea.

Ila utamu wote umo kwenye mafaili ya ndoa, yanayoitwa processetti. Waliotaka kuoana walileta vyeti vyao vya kuzaliwa, na kama baba alishafariki, cheti cha kifo chake, pengine hata cha babu. Faili moja linaweza kukuvusha vizazi viwili. Katika faili la ndoa ya miaka ya 1820 nilikuta cheti cha ubatizo cha bwana harusi: kimetoka Annunziata, wazazi hawajulikani.

Annunziata ilikuwa nyumba kongwe ya kulelea watoto walioachwa, mtaa wa Forcella huko Napoli. Ukutani palikuwa na pipa la mbao la kuzunguka: mzazi anamweka mtoto upande wa barabarani, analizungusha, mlezi anampokea ndani bila kuonana naye. Lilifungwa 1875. Mtoto aliyeachwa hivyo aliandikwa esposito, yaani aliyewekwa nje, na wajukuu wakalirithi. Mfalme Joachim Murat, aliyetawala Napoli 1808 hadi 1815, alikataza waokotwa wasipewe tena jina hilo, maana lilimtangaza mtu. Baada ya hapo walibuniwa majina mengine, kila mtoto na lake. Miji mingine ilikuwa na yake: Milano Colombo, Firenze Innocenti, Roma Proietti.

Nilisita kumwambia mama mkwe. Akacheka: "Basi sisi ni figli della Madonna!" Wana wa Bikira Maria, ndivyo Wanapoli walivyowaita watoto wa Annunziata. Siku ile ile akawapigia simu dada zake wote.

Shemeji yeye alitaka kujua kama akina Esposito wa ghorofa ya chini ni jamaa zetu. Nikamjibu hapana, au tuseme hakuna dalili, kwani kila mtoto aliyepitishwa pale alianzisha ukoo wake. Ndiyo maana ndoa za Esposito kwa Esposito nilizokutana nazo kwenye madaftari hayo si moja wala mbili.