Pai ya embe katika jiko lenye joto

Pai ya embe huharibiwa na mambo mawili: joto linaloyeyusha siagi kabla ya wakati wake, na maji ya embe yanayolowesha ganda la chini. Mapishi mengi ya pai yametungwa kwa majiko ya nchi za baridi. Ukiyafuata neno kwa neno Tanga au Mombasa mwezi wa Januari, ambao ndio msimu wenyewe wa maembe, siagi itakuyeyukia mikononi kabla hujamaliza kuchanganya.

Vipimo hivi ni vya chombo cha duara cha sentimita 23, chenye kina cha sentimita 3 au 4. Kwa ganda la chini na la juu: unga wa ngano gramu 320, siagi isiyo na chumvi gramu 200, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, na maji ya barafu vijiko 6 hadi 8 vya chakula. Kwa ndani: maembe kilo 1.3 kabla ya kumenywa, yatakayokupa nyama ya gramu 800 hivi, sukari gramu 90, konfloa vijiko 3 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula, hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Asiye na mizani achukue vikombe viwili na nusu vya unga, vya mililita 250, bila kushindilia. Konfloa ni ule unga mweupe laini wa kufanya supu iwe nzito. Sembe haifanyi kazi hiyo.

Anza na siagi. Ikate vipande vya sentimita moja, uiweke kwenye friza dakika 20, na bakuli la unga liingie humo humo. Fanya kazi hii alfajiri kama unaweza. Pekecha siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, usitumie viganja kwa sababu vina joto zaidi. Acha pale vipande vikubwa vinapobaki na ukubwa wa punje za njegere. Wengi huendelea mpaka mchanganyiko uwe kama mchanga, na hapo ndipo pai inapoharibika. Vile vipande vinavyoonekana ndivyo vinavyotengeneza matabaka: siagi ina maji ndani yake, yakipata moto mkali yanageuka mvuke na kuuinua unga. Siagi ikishayeyuka bakulini, unga huinywa yote, na ganda hutoka gumu lenye mafuta. Ukiona vidole vinang'aa, rudisha bakuli kwenye friji dakika 10.

Maji ya barafu yaingie kijiko kimoja kimoja. Yanatosha pale unapofumbata unga mkononi ukashikana, huku ukionekana mkavu mkavu pembeni. Usikande. Mkono uliozoea chapati utataka kukanda mpaka donge liwe laini, lakini kukanda kunajenga gluteni, yaani zile nyuzi za protini ya ngano zinazovutika, na gluteni ndiyo inayolifanya ganda livutike, lirudi nyuma kwenye kingo za chombo na kuwa gumu kutafuna. Gawa madonge mawili, la chini liwe kubwa kidogo, uyabonyeze yawe bapa, uyafunge kwa plastiki na kuyaweka kwenye friji saa nzima.

Majarini laini ya kupaka mkate sishauri: nyingi zina mafuta machache na maji mengi kuliko siagi, na hazigandi sawasawa hata kwenye baridi. Samli inawezekana, tumia gramu 160. Ila haina maji, kwa hiyo hutapata matabaka. Utapata ganda la kufumukia mdomoni, jamaa ya kileja. Si baya hata kidogo.

Kwa embe, chagua lililopevuka na kuanza kuiva, likibonyezwa bado linakinza kidole. Bivu kabisa ulile kwa mkono, maana kwenye pai linakuwa rojo. Ngowe na embe epo zinafaa sana kwa sababu hazina kamba nyingi. Kata vipande vya sentimita 2, changanya na sukari, chumvi na ndimu, uache nusu saa, kisha chuja. Maji yatakayotoka usiyamwage: yachemshe kwenye sufuria ndogo mpaka yabaki vijiko vinne hivi, yakiwa mazito, uyaache yapoe. Changanya embe na konfloa na hiliki, ndipo urudishe yale maji. Ukiruka hatua hii, maji yote hayo yatatokea ndani ya pai.

Sukuma donge la chini kwenye kibao chenye unga kidogo, unene wa milimita 3, ukizungusha robo kila mara. Lilaze kwenye chombo bila kulivuta, kwani ulichokivuta kitarudi kikiokwa. Jaza embe, funika kwa donge la pili, bana kingo kwa uma, paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa, chana mipasuko minne ya kutolea mvuke. Pai iliyofungwa irudi kwenye friji dakika 20.

Washa oveni nyuzi 220 ikiwa na trei tupu ndani, kisha weka chombo juu ya trei hiyo iliyokwisha kuwa moto ili ganda la chini lianze kuiva mara moja. Chombo cha bati ni bora kuliko cha kioo, ambacho kikitoka kwenye baridi kinaweza kupasuka. Baada ya dakika 20 shusha hadi 180, endelea dakika 35 hadi 40. Juu pakiwahi kuwa kahawia, funika kwa foili. Usiitoe kwa kuangalia rangi peke yake: subiri rojo lichemke katikati, si pembeni tu. Konfloa isiyopata moto wa kutosha haigandi, na ukikata pai utakuta maji meupe meupe.

Kwa mkaa, chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu vya kukalia chombo, uipashe moto dakika 20. Kwa keki makaa mengi hukaa juu ya mfuniko. Kwa pai gawa nusu kwa nusu, la sivyo chini pabaki pabichi. Ongeza makaa kabla ya yale ya kwanza kufifia.

Nanasi lina maji mengi zaidi, lipike kwanza kwenye sufuria dakika 10. Plamsi za Lushoto au Limuru hazihitaji ndimu, ila konfloa iwe vijiko vinne.

Ipoe saa tatu au nne kabla ya kukata. Rojo hushikamana likipoa, na pai ya moto humwagika sahanini hata ikiwa imeiva vizuri. Kwenye friji inakaa siku tatu. Ukitaka kuipasha, tumia oveni nyuzi 160 dakika 15, kwa sababu maikrowevu hulilegeza ganda.