Kabla hujasema "hakuwa na nia", soma kifungu

Jumapili, usiku.

Kesi yoyote yenye harufu ya siasa ikifika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, watu wanagawanyika kabla hati ya mashtaka haijasomwa. Hawa wanasema "hakuwa na nia mbaya", wale wanajibu "nia ilikuwa wazi, mtoto mdogo angeiona". Pande zote mbili zinabisha kana kwamba kila kosa la jinai linadai nia, na nia ya aina moja. Si hivyo. Kila kosa lina masharti yake juu ya kilichokuwa kichwani mwa mtendaji, na masharti hayo yameandikwa. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2022 la sheria za Tanzania Bara. Sheria zikichapwa upya namba huhama, kwa hiyo angalia umeshika toleo lipi kabla hujamrushia mtu kifungu.

Chukua kesi ya Basil Mramba na Daniel Yona, mawaziri wa zamani. Julai 2015 walitiwa hatiani Kisutu kuhusu misamaha ya kodi iliyotolewa kwa kampuni ya kukagua dhahabu. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 11.7. Katibu mkuu wa zamani aliyeshtakiwa pamoja nao aliachiwa huru, na baadaye Mahakama Kuu iliwapunguzia adhabu hao wawili. Ubishi wa mitaani uling'ang'ania swali moja: walikula au hawakula? Ilhali hawakushtakiwa kwa wizi. Mashtaka yalikuwa ya aina mbili: matumizi mabaya ya madaraka, na kuisababishia serikali hasara.

Kosa la kusababisha hasara limo katika jedwali la kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Linaweza kuthibitishwa kwa kitendo cha makusudi, au kwa uzembe, au hata kwa kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua. Ukimtetea mtu wa shtaka hilo kwa kusema "hakukusudia", hujamtetea. Unaweza hata kuwa umekiri uzembe kwa niaba yake. Matumizi mabaya ya madaraka, ukiyasoma kama yalivyoandikwa baadaye katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, yana mzigo mzito zaidi: ithibitike kwamba mtumishi alikusudia kuitumia nafasi yake vibaya, kinyume cha sheria, tena kwa lengo la kujipatia yeye au kumpatia mwingine manufaa yasiyostahili. Barua ni moja, saini ni moja, lakini maswali ya mahakama ni tofauti kabisa.

Kosa la pili la wabishi ni kuchanganya nia na sababu. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema sababu iliyomsukuma mtu haina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa sheria yenyewe itamke vinginevyo. Mweka hazina aliyechota fedha za chama akawanunulia wajane unga amefanya wema, na bado anaweza kufungwa. Utetezi unaopendwa zaidi ni ule wa "niliazima tu, ningerudisha mwisho wa mwezi". Kwa baiskeli unaweza kukufikisha mahali, kwa kuwa wizi kwa kawaida unadai nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Kwa fedha, waandishi wa sheria waliziba tundu hilo mapema: kifungu cha 258 kinahesabu kuwa wizi hata pale mtu anapochukua fedha azitumie apendavyo huku akidhamiria kuzilipa baadaye. Kinachoweza kumwokoa ni kifungu cha 9, yaani aliamini kwa dhati kwamba mali ile ni haki yake. Imani hiyo inaweza kuwa na makosa. Mradi iwe ya kweli.

Nia hupimwa kwa ukaribu zaidi kwenye kesi za mauaji, na hapo ndipo napenda kukaa muda mrefu, maana maneno "kuua kwa kukusudia" yanawapotosha wengi. Kifungu cha 200 hakidai kwamba mtu alipanga kuua. Kinachodaiwa ni nia ovu, na inapatikana kwa njia nne: alikusudia kuua au kumjeruhi vibaya mtu yeyote, hata kama aliyekufa siye aliyelengwa; alijua kitendo chake kina uwezekano mkubwa wa kuleta kifo au madhara makubwa, hata kama hakujali au alitamani yasitokee; alikusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 3; au alikusudia kumsaidia mhalifu kutoroka. Njia ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Mtu anaweza kuomba Mungu aliyempiga asife, na bado akawa na nia ovu.

Sasa inathibitishwaje, ikiwa hakuna anayetangaza dhamira yake? Mahakama ya Rufani ililijibu swali hilo katika shauri la Enock Kipela, rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, na tangu hapo hukumu za mauaji zimekuwa zikilirudia. Mahakama huangalia aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake, na mwenendo wake kabla na baada. Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1945 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitumia kipimo kama hicho katika shauri la Tubere kutoka Uganda, na majaji wa Kenya hulitaja hadi leo.

Vipimo hivi vinaonekana rahisi mpaka ufike kwenye ushahidi. Shahidi anasema "alimkata panga" na upande wa mashtaka unaridhika. Wakili mwerevu anasimama na kuuliza: ubapa au makali? Panga lililopigwa kwa ubapa mapajani linaacha mavilio ya damu. Makali yaliyoshuka shingoni yanazungumza lugha nyingine kabisa, na panga ni lile lile. Ripoti ya uchunguzi wa maiti inatakiwa kuonyesha jeraha liko wapi, lina urefu na kina gani, na kama limefika kwenye mfupa. Ikiandikwa tu "jeraha la kichwa", vipimo vitatu au vinne kati ya saba vimepotea, na hakuna shahidi wa kuona tukio atakayevirudisha.

Maneno nayo yanahitaji kushikwa kwa uangalifu. "Leo nitakumaliza" ni kauli ambayo kila nyumba ya kupanga inaisikia mara kadhaa kwa mwezi, na mara nyingi kinachomalizika ni ugali. Inapata uzito ikifuatwa na mtu kuingia ndani, kutoka na shoka na kulielekeza kichwani. Kukimbia baada ya tukio ni kipimo ninachokiamini kidogo kuliko vyote. Huku kwetu anayebaki papo hapo anakutana na wananchi wenye hasira kali kabla ya polisi, kwa hiyo hata asiye na hatia ana sababu ya kutimua mbio. Kumpakia majeruhi kwenye bodaboda na kumkimbiza hospitali kuna uzito zaidi, ingawa hakufuti lililotangulia. Pombe nayo haimsafishi mtu aliyeinywa kwa hiari, lakini kifungu cha 14 kinaitaka mahakama iuzingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa aliweza kabisa kujenga nia. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa vilabuni huishia kwenye kuua bila kukusudia.

Ukali wa ubishi huu Tanzania una sababu. Kifungu cha 197 kinampa jaji adhabu moja tu kwa mauaji ya kukusudia: kifo. Kifungu cha 198 kinasema asiyekusudia anaweza kufungwa hadi maisha, na jaji anaweza kushuka mpaka miaka michache. Katikati hakuna kitu, kwa hiyo nguvu zote za utetezi zinamiminwa kwenye nia ovu. Kenya ilikuwa hivyo hivyo hadi Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha katiba. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema adhabu hiyo ya lazima ya Tanzania inakiuka haki ya kuishi.

Turudi kwenye siasa. Aprili 2025 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alifikishwa Kisutu kwa uhaini, na siku hiyo hiyo kwa kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Shtaka la pili alilikana. La kwanza hakutakiwa kulijibu, kwa kuwa uhaini husikilizwa Mahakama Kuu. Simhukumu wala simsafishi, nasoma vifungu tu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kina ngazi mbili: mtu ajue kwamba taarifa ni ya uongo au inapotosha, kisha awe na nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuudanganya umma. Aliyesambaza sauti ya WhatsApp akiamini ni ya kweli anakwama kwenye ngazi ya kwanza, hata kama ilileta taharuki. Uhaini, kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu, unataka nia iliyojengwa na nia hiyo kudhihirishwa kwa maandishi au kwa tendo. Anayesema "hakushika silaha" amesahau kwamba chapisho linaweza kuwa udhihirisho. Anayesema "si alitamka mwenyewe?" ameshika udhihirisho na kuiacha nia, ambayo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inabaki na mzigo wa kuithibitisha pasipo kuacha shaka.

Jambo moja la vitendo. Hati ya mashtaka ina sehemu mbili, kosa na maelezo ya kosa, na watu husoma ya kwanza tu kwa kuwa ndiyo yenye jina la kutisha. Nia, kama sheria inaidai, utaitafuta kwenye maelezo. Na kama haimo, usishangilie bado: kifungu cha 234 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinairuhusu mahakama kuagiza hati yenye kasoro irekebishwe kesi ikiendelea, kwa hiyo nakala iliyosambaa wiki ya kwanza si lazima iwe ndiyo itakayotolewa hukumu.