Mwezi ni kata: dunia niliyoichora kwenye mfuko wa saruji

Wale mnaoniuliza ile ramani ya dunia yangu ya kubuni imefikia wapi, ipo ukutani bado. Nimeichora kwa penseli na mkaa kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, nimeikung'uta na kuipangusa weee lakini ukipitisha kidole bado unatoka na unga wa kijivu. Mkunjo mmoja uligoma kunyooka hata nilipoulaza chini ya mawe usiku kucha, basi nikauacha ndo ukawa pwani. Kwahiyo pwani yangu inakwenda imenyooka halafu ghafla inaingia ndani na mdomo mwembamba, ghuba, na mtu wa Mikindani, Mtwara, akiiona hahitaji kuambiwa nimeitoa wapi.

Dunia yenyewe inaitwa Upwa. Sheria yake kubwa ni moja tu na mambo mengine yote yamezaliwa humo: bahari inakupwa miaka 7, inajaa miaka 7. Sio masaa sita na kitu kama huku kwetu, ni miaka kabisa, yani mtoto anazaliwa maji yapo mlangoni, anaingia shule bahari imeshaondoka mpaka haionekani.

Wazo lilinijia usiku wa bamvua, zile siku maji yanajaa na kutoka kuliko kawaida, saa nne nne hivi, umeme umekatika mji mzima, mi nimekaa ukingoni na maji yametoka mbali sana. Kule mwambani watu wanatembea na tochi wanatafuta pweza na kaa. Huoni mtu, unaona taa tu, zinakwenda taratibu, moja inasimama, inainama, inapotea maana mwenyewe kaiziba na mguu, inarudi tena. Juu nyota chini nyota. Nikajisemea, nani kasema zile za juu si watu?

Basi mbingu ya Upwa ikawa hivyo. Juu kuna bahari nyingine imegeuka kututazama, ina miamba yake na watu wake, na kila nyota ni taa ya mtu anayetafuta pweza. Maji ni yaleyale ya dunia mbili, hayazidi hayapungui. Yakiwa huku kwetu wao wamekupwa, wako mwambani na taa zao, anga limejaa. Yakihamia kwao wanapanda majumbani, taa zinazimwa moja moja, na sisi ndo tunashuka kutembea kwenye sakafu ya bahari gizani, na taa zetu sasa ndo zinakuwa nyota zao.

Hapo nilikaa wiki nzima nafurahi peke yangu kwasababu ona inavyojipanga, nahodha anazo nyota miaka ile anayozihitaji, maji yamejaa na anga limejaa, lakini msafiri wa miguu wa miaka ya kupwa hana nyota hata moja. Anaendaje? Kwa kamba. Nimeweka nguzo za mawe sakafuni na kamba ya usumba kutoka nguzo hadi nguzo, unatembea mkono uko kwenye kamba, na kila kijiji kina kipande chake cha kusuka na kukagua, kijiji kikizembea watu wa mbele wanapotea. Nimechagua usumba kwasababu makumbi ya nazi sisi wenyewe tunayafukia kwenye matope ya bahari ndo yalainike yapigwe yatoke nyuzi, kwahiyo ni kamba inayojuana na maji ya chumvi toka mwanzo.

Mpwa wangu wa darasa la sita ndo mkaguzi wangu mkuu. Akaniuliza, "Mjomba, sasa hayo maji nani anayapandisha?" Nikamtoa nje nikamuonyesha mwezi. Huku kwetu, nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta, mwezi mchanga mara nyingi unalala chali kama chombo cha kuchotea, wa huko kaskazini mbali kama Uingereza unasimama pembeni zaidi. Nikamwambia Upwa mwezi ni kata, ile ya kifuu na mpini wake ya kuchotea maji mtungini. Ukiwa mwembamba unachota, ukiwa mpevu umejaa pomoni, ukififia unamwagia upande wa pili. Kata moja kila mwezi, miezi 12 kwa mwaka wa mwezi, kata 84 ndo bahari nzima imehama. Na sikutoka mbali na ukweli, hata kwetu mwezi ndo unaovuta maji kuliko jua, na mvuvi yeyote anajua bamvua linafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Akafikiri kidogo. "Na wale wa juu mbona hawaanguki?" Hilo sikuwa na jibu.

Watu wananiambia bahari kuondoka na kurudi ni uongo mwingi mno. Mi nawapeleka Tendaguru, hapahapa Lindi, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 mpaka 1913, na yule mkubwa mwenye shingo ndefu amesimama jumba la makumbusho Berlin, juu zaidi ya mita 13. Lakini mi kinachonishika sio mifupa, ni udongo wenyewe. Kuna tabaka la mifupa ya wanyama wa nchi kavu, juu yake tabaka la magamba ya viumbe wa baharini, halafu mifupa tena, halafu bahari tena. Miaka kama milioni 150 iliyopita pwani ilikuwa inakuja na kwenda palepale tunapopita na bodaboda. Mi nimefupisha muda tu.

Upande wa magharibi wa ramani nimenyanyua uwanda, unaitwa Nalitu, na huu nimeutoa Newala bila kuficha. Umesimama pale Shimo la Mungu ukachungulia lile bonde linavyodondoka kuelekea Ruvuma? Tumbo linabaki juu. Uwanda wa Makonde una mchanga unaokunywa mvua yote, zamani mama zetu walishuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na bado watu walikaa juu. Kuna simulizi ya asili ya Wamakonde kwamba yule wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikawa mwanamke, wakazaa karibu na mto mtoto akafa, wakapanda kidogo mwingine akafa, wa tatu walimzalia juu kabisa akaishi. Kwahiyo watu wa Nalitu hawashuki. Wao ndo wanaoshika kalenda, maana toka ukingoni wanaiona sakafu yote na wanazihesabu taa zetu kama tunavyohesabu za juu.

Sehemu iliyonitesa ni mashamba. Bahari ikitoka ardhi ni ya nani? Miaka miwili ya mwanzo unavuna chumvi tu, mvua ikishaosha ndo unapanda mtama, halafu miaka mitano mbele maji yanarudi yanafunika kila kitu na mpaka wako uko chini ya pima ngapi huko. Mpaka yatoke tena mwenye shamba huenda kashafariki. Nikarudi kwenye mila ya huku kwetu, urithi kupita kwa mjomba. Upwa mjomba anamshika mpwa mkono anamtembeza mipaka yote mwaka wa mwisho wa kupwa, jiwe kwa jiwe, anamkaririsha, na ushahidi unaokubalika barazani ni wa mpwa aliyetembezwa. Mpwa, kupwa, yanagongana masikioni na mi nimeyaacha yagongane. Ngome na theluji kwenye dunia za kubuni waweke waliozikanyaga, mi naweka ya kwetu.

Juzi nikawa namuelezea mpwa wangu kuhusu miezi ya katikati, kata ya 42, maji nusu kwa nusu, watu wa pande zote mbili wako nje na taa kwa wakati mmoja na ndo usiku pekee mnaonana. Akasema, "Tukipunga taa watatuona?" Nikasema watatuona. Akaomba penseli, akapanda kwenye kigoda, akachora juu kabisa kwenye ukingo wa karatasi mtu mdogo kichwa chini miguu juu, taa mkono mmoja, ndoo ya pweza mkono mwingine, na pembeni yake mshale unaoelekea dari. Kwenye mshale kaandika: kwake chini ni huku.