Mguu ulionyamaza

Jumapili, saa tatu usiku

Kidonda kimefunga. Nimekiangalia asubuhi, nikakiangalia tena mchana, na sasa hivi kabla sijakaa kuandika nimemwomba binti yangu animulikie na tochi ya simu nikione kwa mara ya tatu. Chini ya dole gumba la mguu wa kushoto pamebaki alama nyeupe, kama punje ya mchele. Wiki nane na siku moja.

Mnaonisoma siku zote mnajua nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na kwamba sukari ninayo tangu 2016. Hili la mguu sikuwa nimeliandika. Niliona haya. Mimi ndiye ninayewasumbua wenzangu ghalani kila siku, pimeni, pimeni, halafu jambo kama hili linikute mimi.

Ilikuwa Jumamosi yenye mzigo mwingi. Wateja wa Kongo walitaka magunia yao yafungwe wapakie jioni ileile, kwa hiyo nilishinda na kandambili zangu, kutoka ghalani hadi kwenye mizani, kutoka kwenye mizani kurudi ghalani. Jioni nikapanda daladala, nikashuka Pasiansi, nikatembea hadi nyumbani. Nimevuka sebule, nimefika mlango wa jikoni, binti yangu akasema, "Mama, mbona unaacha damu?"

Nikageuka. Sakafuni kulikuwa na nyayo zangu, moja safi, moja nyekundu, moja safi, moja nyekundu, hadi mlango wa nje.

Nilipoinua mguu, kandambili ikaja nayo. Mwiba wa samaki gogogo ulikuwa umepenya mpira kutoka chini ukazama nyamani. Anayemjua gogogo anaujua mwiba wake: mgumu kama msumari, una meno kama msumeno. Mtoto akichomwa nao, mtaa mzima utamsikia. Mimi nilikuwa nimetembea nao, nimepanda nao gari, nimeshuka nao, na sijui hata uliniingia saa ngapi. Nilipouvuta nilihisi kama mtu anavuta uzi kwenye nguo niliyovaa. Basi. Damu sikuiogopa, maana damu naiona kila siku kwenye samaki. Kilichonitia hofu ni kule kutoumia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kliniki. Wakasafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, daktari akaagiza picha ya mguu aone kama mwiba uligusa mfupa. Haukugusa, namshukuru Mungu. Kisha muuguzi, binti mdogo tu, akatoa kijiti chenye uzi wa plastiki mfano wa uzi wa nyavu.

"Mama, fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafumba. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Halafu kimya. Nikasubiri. Nikadhani ameitwa, au anaandika kwenye faili. Nilipochoka kusubiri nikafumbua macho, nikamkuta ameinama palepale, ule uzi umepinda juu ya dole langu gumba, ananingoja niseme.

"Pole, mama," akasema.

Akakaa akanieleza. Sukari ikikaa juu miaka mingi inachosha mishipa ya fahamu, na inayotangulia kuharibika ni ile mirefu kuliko yote, inayoshuka hadi vidole vya miguu. Nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma nyayo zilikuwa zinawaka moto usiku, nazitoa nje ya shuka nipate ubaridi, asubuhi nasema ni uchovu wa kusimama sokoni. Baadaye ule moto ukazimika wenyewe. Nilifurahi! Nilimwambia hadi mume wangu kwamba miguu imepona. Kumbe siku ile mguu ulikuwa umenyamaza, na mimi nikashangilia.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria baba mdogo, Ukerewe. Naye alikuwa na sukari, tena alikuwa mvutaji wa sigara, na sigara inaibana mishipa ya damu ambayo sukari imekwisha kuiharibu. Usiku mmoja wa baridi ya Julai alikaa akiota moto, usingizi ukampitia miguu ikiwa karibu na makaa. Alipoamka kulikuwa na lengelenge kubwa kisiginoni. Halikumuuma, kwa hiyo hakuna aliyelijali. Walipaka majani, kisha wakawa wanafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, na kumwagia ule unga kwenye kidonda. Mimi ndiye niliyekuwa natuma hela ya rangi mbili. Naliandika hili hapa kwa sababu sijawahi kulisema kwa sauti. Alipoletwa Mwanza kwa meli, wiki ya tano, vidole vilikuwa vyeusi na harufu ilitangulia kabla yake. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kama ningetuma nauli badala ya hela ya vidonge, huenda hadithi yake ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo mimi nilikaa. Daktari alisema mguu usikanyage, na nikatii, jambo ambalo kwa mtu wa Mwaloni ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Kila siku nne napelekwa kwa bodaboda kubadilishwa bandeji. Daktari alinionyesha kwenye faili kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu: 9.8. Wengi wetu tunatakiwa kuwa karibu na 7. Akaniambia dawa ya kidonda anayo, lakini damu yenye sukari nyingi ni damu mvivu, askari wake wa kupigana na vijidudu hawana nguvu, na kidonda kitabaki wazi hadi sukari ishuke. Kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa habari ya insulini mara mbili nikakataa, kwa lile neno la mitaani kwamba ukiianza ndiyo safari ya mwisho. Safari hii nilikubali. Sindano ni nyembamba kama unywele, na mwezi huu kipimo kimesoma 7.6. Namlaumu aliyeanzisha lile neno, maana limewakawiza watu wengi kupata dawa.

Chakula sitaki kukisemea sana, nimekwisha kukiandika. Ila niseme la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mama mkwe yuko Misungwi, na kila msimu anatuma mfuko. Michembe na karanga jioni, kwa Msukuma, ni zaidi ya chakula, na kumwambia mama yule asilete ni kumwumiza. Viazi vile vimekaushwa, utamu umejikusanya, unakula kidogo unadhani hujala kitu. Siku hizi napakua kiasi cha ngumi moja kwenye kisahani changu na karanga pembeni, na siku hiyo ugali siugusi. Na ugali wa dona nao una kipimo, jamani. Ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona unapandisha sukari kama mlima mwingine wowote. Sato wa kuchemsha na mboga nyingi ndio wanaonishibisha sasa.

Jambo la insulini ambalo sikulijua ni kwamba nayo inataka heshima. Wiki ya pili nilichoma asubuhi, nikapanda bodaboda kuwahi pantoni ya Kamanga kwenda kudai hela yangu ng'ambo, nikasema nitakula nikifika. Katikati ya maji mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka shingoni, maneno ya watu nayasikia kwa mbali. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya chai akanikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Baada ya robo saa nilikuwa mtu tena. Kipima sukari kilikuwa kimesoma 3.1, sukari ya damu imeshuka mno. Tangu siku hiyo sichomi kama chakula hakipo mbele yangu, na pakiti ya glukosi haitoki kwenye mkoba.

Macho nimepima pia, mwezi uliopita. Wanatia matone ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho, na nilipotoka nje ziwa lilikuwa jeupe tupu kama bati jipya juani, sikuweza kulitazama. Kuna vidoa vidogo vya damu vimeanza, na mimi nilikuwa naona vizuri kabisa. Nitarudi kabla ya mwaka kuisha. Mkojo haukuwa na protini, dalili njema kwa figo.

Sasa kila jioni ni hivi. Maji ya vuguvugu, na anayeyapima joto ni binti yangu kwa mkono wake, maana mguu wangu hauwezi kunipa jibu la kweli. Nakausha kwa kanga kuukuu, kila katikati ya vidole. Mafuta juu na chini, katikati ya vidole hapana. Kisha naweka kioo sakafuni nautazama unyayo wote, polepole, kama ninavyochambua dagaa ili mchanga usipite. Viatu nilinunua Mlango Mmoja, vya kufunika, nilikwenda jioni wakati miguu imevimba kidogo ili visije vikanibana. Kabla ya kuvaa navikung'uta na kupitisha mkono ndani. Soksi ni nyeupe, damu ikitoka ionekane. Kandambili nimezitoa nyumbani zote.

Na kilichonifanya niandike leo ni kijana mmoja mbeba mizigo pale ghalani. Mwezi mzima namwona anakunywa maji kama aliyetoka jangwani, haishi kwenda chooni, na suruali imeanza kumkimbia kiunoni. Alhamisi nilimwita, nikamtoboa kidole kwa kisindano kipya. 19.2. Ijumaa nilimpeleka kituo cha afya, wakapima tena, wakamwanzishia dawa. Ana miaka 31, na anabeba magunia peku.

Tulirudi ghalani hajasema neno njia nzima. Tulipofika akauliza, "Mama, watanikata miguu?"

Sikumjibu mara moja. Nilimkalisha juu ya gunia, nikamwambia auweke mguu wake kwenye goti langu, afumbe macho, na aseme ndiyo kila atakapohisi kitu. Nikamgusa kidole kidogo kwa ncha ya kidole changu, taratibu sana. Ndiyo. Cha kati. Ndiyo. Dole gumba. Nikabadilisha mguu, nikarudia, nikamchanganyia mpangilio asije akabahatisha.

Kila nilipogusa, alisema ndiyo.