Gitaa kavu lililosuguliwa kupita kiasi: hatua za kuziba vanishi

Gitaa hili kavu (lisilotumia umeme), lenye uso wa mbele wa mbao ya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, lilinifikia baada ya mmiliki wa awali kulipiga msasa ili kuondoa mikwaruzo, kisha kuling'arisha kwa mashine ya kung'arishia magari. Mikwaruzo iliondoka kweli, lakini vanishi nayo ikaondoka: ukingoni, pale mkono wa kulia wa mpigaji unapolala, mbao imebaki wazi kwa upana wa sarafu, na kuizunguka kuna mistari hafifu iliyofuatana kama ile inayoonyesha miinuko kwenye ramani. Kila mstari ni mpaka wa tabaka moja la vanishi na jingine, hivyo kuendelea kusugua kungeongeza mistari badala ya kuifuta.

Kwanza nilitaka kujua vanishi hiyo ni ya aina gani. Nilifungua ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi na kugusisha pamba yenye spiriti mahali pasipoonekana. Haikulainika, kwa hiyo si shelaki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Tina, yaani kiyeyushi cha rangi, nayo haikuilainisha, maana yake si nitroselulosi, vanishi inayoyeyuka kwa tina, bali huenda ni poliurethani, vanishi ya plastiki ngumu. Tofauti hii ni kubwa, kwani tabaka jipya la nitroselulosi huyeyukia ndani ya lile la zamani na mpaka ukapotea, ilhali poliurethani iliyokwisha kukauka haiyeyuki tena. Mafundi wengi wa samani wangeshauri kupuliza upya uso mzima. Sikubaliani nao, kwa sababu uso huo ndio unaotetema na kutoa sauti, na vanishi nene huubana.

Kompaundi, yaani dawa ya kung'arishia iliyoachwa na mashine, ilikuwa imekauka na kujibana kwenye nyuzinyuzi za mbao ikiwa nyeupe kama chokaa, nami niliitoa kwa nafta (kiyeyushi cha jamii ya petroli) na brashi laini. Maji sikuyatumia, kwa kuwa husimamisha nyuzinyuzi za sprusi iliyo wazi. Baadaye nilipaka shelaki nyembamba iliyoondolewa nta, kwanza ili supaglu isizame ndani ya mbao na kuitia weusi, na pili kwa sababu rangi yake ya kahawia hafifu inakaribia ile ya vanishi iliyozeeka.

Shimo lenyewe la vanishi linajazwa kwa supaglu nyepesi, tone baada ya tone, hadi lipite kidogo usawa wa vanishi. Hewa yenye unyevu ya Dar es Salaam huiharakisha kukauka, lakini pia mvuke wa supaglu huweza kuacha ukungu mweupe pembeni, hivyo feni inapuliza polepole kwa mbali. Dawa ya kukausha haraka siitumii, maana huleta viputo. Kilichozidi nakikwangua kwa wembe uliofungwa utepe ncha zote mbili, ili katikati tu ndipo pakate, kisha msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000 juu ya kipande kigumu cha mpira, na mwisho kompaundi kwa mkono.

Kwa sasa kiraka kimelingana na vanishi, na kidole hakihisi ukingo. Mistari miwili bado huonekana mwanga wa dirisha ukija kwa ubavu, nami nimeamua kuiacha, kwani kuifuata kungegharimu vanishi nzima ya eneo hilo. Imebaki kazi ya mgongoni, ambako mashine iliacha mikwaruzo ya mviringo. Huko nitatumia kompaundi peke yake, bila msasa.